Barua ya wazi kwa wanaosimamia taka Dodoma: tishu yangu ya jikoni inakwenda wapi?

Waheshimiwa mnaosimamia usafi na taka katika mji wetu, kuanzia mtaani hadi huko bajeti inakopitishwa,

Mbukwenyi. Nawasalimu kwa salamu ya wenyeji wa hapa kwa sababu nilichokuja nacho ni cha nyumbani kabisa, tena cha jikoni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, naishi Ipagala na wajukuu wawili, na barua hii inahusu tishu. Ndiyo, tishu. Pamoja nayo mifuko ya kaki iliyolowa mafuta ya chipsi, trei za mayai, maboksi ya maziwa, gazeti lililofungiwa maandazi, na vile vikaratasi vya risiti vinavyojaa kwenye droo. Najua mezani kwenu kuna mambo mazito kuliko haya. Lakini nimeichungulia ndoo yangu ya taka kwa muda mrefu, na kila nikichungulia nakuta maganda na karatasi. Plastiki imepungua kidogo, karatasi imekalia kiti chake.

Niseme kilichonifanya nishike kalamu.

Kwa miezi minne nilikuwa natenganisha taka. Kiroba kimoja cha vitu vikavu: chupa, makopo, karatasi safi. Kingine cha vinavyooza: maganda, mabaki, tishu na karatasi zilizochafuka kwa chakula. Wajukuu waliushika utaratibu haraka kuliko nilivyotarajia, hadi yule mdogo wa miaka sita akajipa upolisi wa ndoo. Mgeni akitupa tishu kwenye kiroba cha chupa, mtoto anaitoa na kumrudishia mkononi. Nimeaibika mara mbili tatu, ila sikumkataza.

Kisha Jumanne moja nikachelewa. Lori lilikuwa limeshapita geti letu, nikalikimbilia na viroba viwili, kimoja kila mkono, kanga inataka kunivuka. Kijana mmoja wa juu ya lori akaniona, akaruka chini.

"Shikamoo bibi. Lete nikusaidie."

"Marahaba mwanangu. Hiki kikavu, hiki kibichi. Usivichanganye."

"Sawa bibi."

Akasema "sawa" kwa adabu zote, akapanda, akavikung'uta vyote viwili mahali pamoja juu ya taka za mtaa mzima. Akanirudishia viroba vitupu, amevikunja vizuri.

Sikumlaumu na silaumu hata leo. Lori lina tumbo moja. Angemwaga wapi kingine? Mwenye lori simtaji, maana sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia azoe kwa namna nyingine. Nilibaki pale barabarani nikiangalia tishu zangu za miezi minne zikiondoka na chupa za watu, nikajiona mjinga wa mtaa. Jioni ile mjukuu akaniuliza maganda ya viazi yaende kiroba gani, nikamjibu, "Popote."

Waheshimiwa, kabla hamjatuambia sisi tutenganishe, tenganisheni kwanza lori. Hoja yangu ni hiyo tu. Yanayofuata ni maelezo yake, na kwa kuwa nimefundisha miaka mingi, naomba mnivumilie nikifundisha kidogo.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, mimi nilikuwa upande wa waliosema haitawezekana. Nilikosea. Haukupita muda, pale sokoni Majengo muuza nyanya akawa anauliza, "Mama, umekuja na kikapu?" Muuza chipsi akahamia kwenye mfuko wa kaki, muuza karanga akarudia kukunja pembe za magazeti kama enzi zetu. Amri ilikuwa fupi na ilieleweka: hiki acha, tumia kile. Ila hakuna aliyetuambia kile nacho kikishatumika kiende wapi. Tukadhani karatasi ni karatasi, itajiozea.

Na watu tumeongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Ya mwaka 2022 ikakuta 765,179 katika Jiji. Ofisi za serikali zimehamia Mtumba, vyuo vimepanuka, na palipo na ofisi pana mama lishe, na palipo na mama lishe pana roli ya tishu katikati ya meza. Mteja mmoja wa wali maharage anavuta tatu nne, anafuta kijiko ambacho tayari kilikuwa safi, anafuta mdomo, anaondoka. Nami hufanya hivyohivyo.

Lakini karatasi hapa kwetu haijiozei. Kuoza kunataka maji, na mvua za Dodoma, zenye wastani wa kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, huja Desemba na kukata Aprili. Tishu iliyotupwa Mei mnaikuta Novemba, imepauka tu. Katikati ya hapo kuna upepo. Mwaka jana mwezi Agosti nilikuwa naanua nguo, kisulisuli kikaingia kwenye kizimba cha taka kilicho nyuma ya nyumba zetu. Kiliinuka chekundu kwa vumbi, na ndani yake tishu nyeupe zikazunguka kwenda juu kama yangeyange wanaohama mti. Zilishuka kwenye mwarobaini wa jirani, nyingine kwenye kamba yangu. Niliokota tishu ya mtu nisiyemjua, yenye mchuzi wa mtu nisiyemjua, juu ya shuka langu jeupe.

Kwa hiyo tunachoma. Nami nimechoma miaka mingi, sijifanyi malaika. Karatasi kavu, tupu, ukiwashia jiko la mkaa, hainikoseshi usingizi. Ila lile rundo la saa kumi na mbili jioni si karatasi tupu. Lina kikombe chenye utando wa plastiki ndani, lina pakiti ya biskuti, lina risiti, na lina tishu mbichi ambayo haiwaki, inafuka. Kile kinachofuka ndicho kinachoingia madirishani kwa watoto wanaofanya homuweki. Wenzetu wa mji wa Moshi wana sifa ya usafi. Sisi tuna moshi wenyewe.

Mtasema basi zote ziende Chidaya. Kweli, ni bahati kuwa na dampo la kisasa, lililojengwa chini ya mradi wa miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Miji mingi haina. Lakini dampo la namna ile mlichukulie kama ghala. Taka zinashindiliwa, zinafukiwa kwa udongo, na nafasi iliyojaa hairudi. Maganda na karatasi vikifukiwa pasipo hewa hutoa methani, gesi inayonasa joto zaidi ya mara 25 ya hewa ya ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Na tuangalie tunachobeba: ganda la tikiti ni maji, karibu lote. Tunanunua dizeli kupeleka maji Chidaya, kutoka kwenye mji unaolia kiu.

Sasa turudi kwenye tishu yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi, hata waliosoma, wanapoteleza.

Ukimwambia mtu "karatasi", anasema irejelezwe. Tishu ya jikoni hairejelezwi. Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana. Kila zinapopondwa upya kiwandani zinakatika na kufupika, na baada ya mara 5 hadi 7 hivi hazishikani tena. Tishu nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi ambazo tayari ni fupi. Ikifika jikoni kwako ikafuta mafuta ya samaki, safari yake ya kiwandani imekwisha. Mfuko wa kaki nao, ukiwa mkavu, una nyuzi nzuri ndefu na kiwanda kinaupenda. Ukinywa mafuta ya chipsi umekwisha kama tishu, kwa sababu karatasi hurejelezwa kwa kulowekwa na kupondwa majini, na mafuta hayakubali kuachana na nyuzi. Vijana wanaookota maboksi mitaani wanalijua hili bila darasa langu. Waangalieni: wanapapasa boksi kwanza, wananusa, ndipo wanalikunja.

Wengine huitupa chooni. Hapo naomba mniruhusu niwaonyeshe jaribio, mnaweza kulifanya hata ofisini. Nilichukua chupa mbili za jemu, nikazijaza maji nusu. Moja nikatia kipande cha tishu ya chooni, nyingine kipande cha tishu ya jikoni, ile nene yenye vinundu. Nikampa mjukuu mkubwa atikise. Ya chooni haikuchukua muda, ikawa uji. Ya jikoni tuliitikisa kwa zamu mpaka mikono ikauma, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi tuliitoa nzima, tukaikamua, na yule mdogo akafutia nayo meza ya chai. Imewekewa dawa ya kuishikisha ili isilegee ikilowa, na kwa sifa hiyohiyo ndiyo tunainunua. Sasa fikirini nyumba zote ambazo hazijafikiwa na bomba la majitaka, zenye shimo uani. Jirani yangu aliita gari la kunyonya majitaka mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya pili mpira uliziba. Kijana wa gari akavaa glavu, akavuta donge la tishu za jikoni na vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, ukubwa wake kama kichwa cha mbuzi. Akaliweka kwenye majani na kumwangalia mwenye nyumba bila kusema neno.

Basi isiende kiwandani, isiende chooni, isiende motoni. Iende udongoni. Tishu iliyofuta mchuzi, mafuta kidogo, chai iliyomwagika, unga, juisi, hiyo ni mboji inayosubiri. Na mimi sisemi hivi kwa kusoma tu. Kwanza nilifeli.

Nilianza kwa rundo la juu ya ardhi, kama picha za vitabu zinavyoonyesha. Vile vitabu, naona, viliandikwa na watu wa nchi za mvua. Hapa upepo ulilikausha rundo langu ndani ya wiki. Mchwa wakafika. Maboksi niliyokuwa nimeyatandika chini kama mkeka yalibaki ganda la udongo. Nililigusa kwa fimbo likabomoka, ndani hamna kitu. Mchwa si wabaya, nao wanakula karatasi kwa kazi yao, ila waliendelea hadi kwenye mlango wa stoo yangu.

Jirani mmoja, mzee wa Kigogo anayelima zabibu Hombolo, alikuja akatazama, akacheka, akasema, "Mwalimu, nchi hii kila kitu huchimbiwa." Nikachimba. Shimo langu linafika juu kidogo ya goti, upana wa hatua moja, chini ya mwembe ili jua lisilifikie. Ndoo moja ya maganda, ndoo mbili za karatasi na tishu zilizochanwachanwa na majani makavu. Maganda yana naitrojeni, karatasi ni kaboni. Weka maganda matupu, utapata uvundo na nzi. Weka karatasi tupu, itakaa mwaka mzima inakuangalia. Juu namwagia maji ya kuoshea mchele na mboga, maana ya bomba yana kazi nyingine, kisha natupia udongo au samadi kidogo na kufunika kwa gunia kuukuu. Kipimo cha unyevu ni kiganja: kamata, kamua, itoke tone moja au mawili. Ukiwa na unyevu huo na ukageuza kila baada ya wiki mbili, mchwa hawana hamu nalo. Kwa miezi mitatu hadi minne tishu huioni tena. Nimewahi kufukua na kukuta kipande cha gazeti bado kinasomeka, bei ya mahindi ya msimu uliopita, lakini nilikuwa nimekisahau kikiwa kimekunjwa. Karatasi isiyochanwa huoza polepole kama kitabu kilichofungwa.

Si kila kitu kinaingia. Tishu iliyofuta jiki, dawa ya mende au rangi, hapana. Iliyofuta damu ya kuku mbichi au iliyotumiwa na mgonjwa, hapana pia, kwa sababu shimo la uani halipati joto la kutosha kuua vijidudu. Hiyo nafunga na kuiweka kwenye kiroba cha dampo. Karatasi iliyolowa mafuta chepechepe huita panya. Na karatasi ya kuokea keki, ile inayoteleza, imepakwa silikoni, nayo ni ya dampo.

Kuna udanganyifu mwingine umo jikoni. Kikombe cha karatasi cha kahawa kina utando wa plastiki ndani, la sivyo kahawa ingekumwagikia mapajani. Boksi la maziwa lina utando huo na mara nyingi karatasi ya aluminiamu juu yake. Na ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, tunayoiringia kwamba si plastiki, ni plastiki ya polipropilini iliyotengenezwa kwa sura nyingine. Wanafunzi wangu niliwafundisha kurarua. Karatasi halisi ikiraruliwa huacha manyoya kwenye ncha. Ukiona ukingo unaong'aa na kuvutika, kuna plastiki.

Risiti za EFD, zile mashine za kodi za madukani, zinastahili neno lao. Tangu mashine zile zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, droo za jikoni hazijapumua, na mimi ni mtu wa kudai risiti, msinielewe vibaya. Lakini ile karatasi haichapwi kwa wino, inachomwa kwa joto, na ili ipokee joto imepakwa kemikali, nyingi zikiwa za jamii ya bisfenoli. Ikwaruzeni kwa ukucha muone mstari mweusi. Isiwashiwe jiko, isiingie kwenye mboji ya mchicha, isichanganywe na karatasi safi. Hata kufungia karanga, jambo nililoliona kwa macho yangu, haifai.

Trei za mayai rudisheni kwa muuza mayai, anazihitaji. Zikichakaa, otesheni miche ya nyanya ndani yake na muizike trei pamoja na mche.

Na kabla ya yote hayo, tupunguze. Kanga yangu moja iliyochoka niliikata vipande kumi na viwili. Vinafuta meza, vinafuta mafuta, vinafuliwa Jumamosi. Mkwe wangu alipokuja kutoka Dar es Salaam aliona ni ushamba, akaninunulia roli sita. Ninazo bado nne. Maandishi ya ile kanga yamegawanyika, kila kitambaa kina neno moja au nusu neno, na wajukuu huchezea kuyapanga.

Sasa naomba niwaelekee ninyi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa, pamoja na viwango vya vyombo vya kuwekea taka hadi umbo na rangi yake. Kwa hiyo siombi upendeleo wala jambo jipya. Naomba tu kilichokwisha kuandikwa kifike mtaani kwetu.

Si lazima kianze na mashine ya gharama. Lori lilelile, siku mbili tofauti: Jumanne taka mbichi pamoja na tishu na karatasi chafu, Ijumaa taka kavu. Ikiwa dizeli ya safari ya pili haipo, wekeni ubao katikati ya bodi. Fundi wa kuchomelea yeyote pale Kizota ataifanya kazi hiyo kwa siku moja. Mkataba wa mzabuni utaje kwamba akichanganya amevunja mkataba, na ada ya taka tunayolipa iwe na maana hiyo. Vijana wa lori waelezwe na walipwe kwa hilo. Huwezi kumwambia mtu atofautishe kiroba na kiroba juani wakati unampima kwa idadi ya safari tu.

Taka mbichi nazo zisiende Chidaya. Anzeni sokoni, si majumbani. Majengo, Sabasaba, soko la Job Ndugai pale Nzuguni: kila jioni kuna mlima wa majani ya kabichi na ndizi zilizoiva kupita kiasi, na pembeni yake maboksi yaliyolowa ambayo waokotaji wameyakataa. Vile viwili ndivyo hasa vinavyotafutana, ndoo moja kwa ndoo mbili. Tengeni eneo, chimbeni mahandaki, wekeni kivuli na mtu wa kugeuza. Wakulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora wanahangaika na samadi kila msimu. Na ile miti tuliyohimizwa kuipanda tangu kampeni ya kuikijanisha Dodoma mwaka 2017, mingi imekufa si kwa kukosa mche. Udongo wetu umechoka, haushiki maji. Mboji hushika.

Mkitaka kuona kwamba inawezekana hapahapa nchini, nendeni Bonyokwa, Dar es Salaam. Wazoa taka wa pale wana ushirika wao, wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua taka zilizotenganishwa, na zile mbichi zinageuzwa mboji. Bonyokwa si Ulaya. Ina vumbi na mabonde, na watu wake ni wabishi kama sisi.

Wale vijana wanaookota maboksi wapeni vitambulisho, na ratiba ya kupita mtaani kabla ya lori, si baada yake. Leo wanaamka saa kumi usiku na kupasua viroba vya watu ili waokote, sisi tunawafukuza na kuwaita majina. Tungewakabidhi maboksi makavu mkononi kiroba kisingepasuliwa, na kisulisuli kingekosa cha kubeba.

Kwa mafunzo, tumieni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi. Sasa hivi siku ile tunafagia, tunarundika, na yule mwenye kiberiti anajisikia shujaa. Mwenyekiti wa mtaa na bwana afya waweke meza moja, juu yake chupa mbili za jemu, kikombe cha kahawa cha kuraruliwa na risiti ya kukwaruza. Nusu saa inatosha. Nami nipo, sidai posho. Ila tafadhali, msitugawie vipeperushi. Nitalazimika kuvitafutia kiroba.

Wapo watakaowaambia wananchi hawatatenganisha, ni wagumu. Hata kuhusu mifuko ya plastiki walisema hivyo, na mimi nikiwamo. Mtu hugoma pale anapoona jasho lake linamwagwa mahali pamoja na la aliyelala. Nilisusa kwa wiki kadhaa baada ya Jumanne ile. Aliyenirudisha ni yule mdogo. Alichukua tishu yake baada ya chai, akaenda nayo peke yake hadi shimoni chini ya mwembe, akaitupia, akarudi ananiambia, "Bibi, yangu nimeipeleka mwenyewe, lori lisije likaichanganya."

Shimo langu lakini ni dogo, na mtaa una nyumba nyingi, nyingine hazina hata hatua moja ya uani. Kwa hizo hakuna njia isiyopitia kwenye lori.

Jumanne ijayo nitakuwa getini mapema, kiroba kibichi mkono wa kushoto, kikavu mkono wa kulia. Mmoja wenu akipata nafasi aje, nitamkaribisha uji wa uwele. Tutamsubiri yule kijana pamoja, na safari hii mumwambie ninyi kipi akiweke wapi.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Ipagala, Dodoma